Binti Aliyewasemea Farasi

Tuna binti nyumbani mwetu, umri wake miaka kumi, naye awapenda farasi kwa upendo ambao hatujui ulimwingiaje. Hajapata kumwona farasi kwa macho yake. Alichokiona ni picha tu, ndani ya kitabu cha zamani kilichokwisha poteza jalada, naye ameichora picha ile kwa mkaa ukutani, kwa kijiti mchangani, na kwa kalamu pembeni mwa daftari la hesabu, hata mwalimu wake akatuletea barua. Bua la mtama ndilo farasi wake wa kupanda. Akitumwa kuni jioni hurudi mbio akiruka mifereji, na mzigo wa kuni umesahauliwa njiani.

Mama yake aliona ni upuuzi. Alituambia, "Baba yake, wenziwe wa rika lake wanasuka mikeka, na huyu wako analia usiku kwa ajili ya mnyama asiyekuwako." Neno hilo lilikuwa kweli, wala hatukuwa na jibu. Ndugu zetu wengi wa bara hawajamwona farasi, kwa kuwa mnyama huyu ana adui wawili katika nchi zetu. Wa kwanza ni mbung'o, aletaye ugonjwa wa nagana. Wa pili ni visubi, wadudu wadogo sana waumao usiku, ambao huchukua ugonjwa wa farasi wenyewe. Farasi akishikwa nao huweza kufa katika siku chache. Lakini punda hustahimili ugonjwa huo wa pili, wala si ajabu, kwa sababu asili yake ni Afrika hii hii, naye ni kizazi cha punda-mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki.

Basi tukampa punda. Ni punda wetu wa kuchotea maji, jike, mzee kidogo, mwenye sikio moja lililochanika. Tulimwambia binti yetu, "Huyu ni ndugu yake farasi, mtunze huyu kwanza." Alinuna siku mbili. Siku ya tatu tulimkuta kabla ya jua kuchomoza, ameinamia mguu wa punda, anatoa vijiwe katika kwato kwa kijiti, huku akimsemesha kwa sauti ya chini kama asemavyo mtu na nyanya yake. Tangu siku ile kila asubuhi kabla ya shule hukagua kwato, humsugua mgongo kwa gunzi, humpa maji, kisha huchora.

Mambo hayo yalitukumbusha habari za mtoto mwingine, wa nchi ya mbali na wa zamani, nasi twapenda kuwasimulia walimu na wazazi habari zake.

Jina lake Anna Sewell. Alizaliwa Great Yarmouth, mji wa pwani ya mashariki ya Uingereza, tarehe 30 Machi mwaka wa 1820. Wazazi wake, Isaac na Mary, walikuwa wa jamii ya Marafiki, yaani Waquaker. Ndio wale wale ambao wajumbe wao walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kupita nchi nyingine yo yote. Nyumba yao haikuwa na mali. Baba alikuwa mfanya biashara ambaye biashara zake hazikusimama, wakawa wakihama mara kwa mara, kutoka Yarmouth hata London, na baadaye kwingineko. Mama aliwafundisha mwenyewe nyumbani, Anna na nduguye Philip aliyemfuata kwa miaka miwili. Fedha za kununulia vitabu vya kufundishia hazikuwapo. Basi mama huyo akakaa akatunga kitabu kidogo cha watoto, kwa maneno mepesi, akakiuza, na kwa fedha zile akanunua vitabu alivyovihitaji. Walimu wenzetu watalifahamu jambo hilo bila ya kuelezwa zaidi.

Masomo yake hayakuwa ya vitabu peke yake. Aliwatoa watoto nje wakatazame mimea, ndege na wadudu, wajue kila kiumbe kinakula nini na kinakaaje. Anna alipenda kuchora pia, akawa hodari wa kazi hiyo. Tena kulikuwa na shamba la mjomba wake, liitwalo Dudwick, katika kijiji cha Buxton. Huko watoto walipelekwa kukaa, na huko Anna alijifunza kupanda farasi. Mke wa mjomba huyo alikuwa mwenye kupenda elimu ya viumbe, hata akaandika vitabu vya kuwafundisha watoto mambo hayo. Hivyo mtoto aliyezaliwa mjini alipata mahali pa kuzoeana na wanyama, akawa na watu wazima wasiomcheka.

Yasimuliwa kwamba siku moja mtu mmoja alipiga bunduki, na ndege mweusi akaanguka karibu na Anna. Mwenye bunduki akaja kumtaka ndege wake. Mtoto akakataa kabisa kumpa, akamwambia usoni kwamba yeye ni mkatili. Sisi, kwa desturi zetu, tusingependa mtoto wetu amjibu mkubwa namna hiyo. Twakiri tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulikunja uso. Lakini tukafikiri pia kuwa katika miaka ile hata wakubwa walikuwa wakijifunza. Sheria ya kwanza ya Bunge la Uingereza ya kuwalinda farasi, punda na ng'ombe wasitendwe vibaya ilipitishwa mwaka wa 1822, Anna akiwa na miaka miwili tu, na chama cha kwanza cha kuangalia sheria hiyo kilianzishwa London mwaka wa 1824. Kabla ya hapo mtu aliweza kumpiga farasi wake mpaka afe njiani, na watu wakapita.

Anna alipokuwa na miaka kumi na minne aliteleza akitoka shuleni, akaumia vifundo vya miguu yote miwili. Dawa za siku zile hazikumfaa. Tangu siku ile hakupata tena kutembea kama watu wengine. Mara aliweza hatua chache, mara hakuweza kusimama. Fikirini, ninyi wenye watoto: yule aliyekuwa akikimbia kondeni, sasa akitaka kwenda po pote ni lazima achukuliwe na farasi.

Hapo ndipo mapenzi yake ya utoto yalipogeuka yakawa kitu kingine. Aliyekuwa akimpanda farasi kwa furaha, sasa alikuwa na deni kwake. Alijifunza kuendesha kigari kidogo cha farasi, na miaka mingi alimpeleka baba yake kituoni kupanda gari la moshi na kumrudisha jioni. Mgeni mmoja aliyepakiwa naye baadaye alieleza kwamba Anna alizishika hatamu kama kwa kuzishika tu, bila kuzivuta, akimwongoza farasi kwa sauti yake, akimsemesha kama mtu mwenye akili. Njiani aliona mengi. Aliona farasi wa magari ya kukodi wakisimama mvuani saa nyingi, farasi wenye magoti yaliyochubuka, farasi waliopakiwa kupita nguvu zao. Wengine waliona hayo pia, lakini wao walikuwa wakipita kwa miguu.

Hatuna haja ya kusimulia miaka yote iliyofuata. Hakuolewa, alikaa na wazazi wake, na alipopata nguvu alimsaidia mama yake kufundisha. Mwaka wa 1871, akiwa mgonjwa wa kulala kitandani, alianza kutunga kitabu. Kazi ile ilichukua miaka sita. Siku alipoweza, aliandika kwa penseli katika vipande vya karatasi. Asipoweza, alisema polepole na mama yake mzee akaandika. Kitabu kilipigwa chapa mwezi wa Novemba 1877, na jina lake *Black Beauty*, maana yake Mzuri Mweusi. Alilipwa mara moja tu, fedha si nyingi, ingawa tangu hapo nakala zake zimeuzwa kwa mamilioni.

Ajabu ya kitabu hicho ni kwamba msemaji ni farasi mwenyewe. Asimulia jinsi alivyozaliwa, alivyofundishwa kuvaa lijamu na tandiko, alivyouzwa kutoka bwana hata bwana, wema na wabaya. Watu wazima wamependa sehemu nyingine, lakini sisi twapenda wazazi waisome habari ya kijana Joe Green.

Joe alikuwa kijana mdogo, mgeni katika kazi ya kutunza farasi, mwenye moyo mzuri. Usiku mmoja bibi wa nyumba alishikwa na ugonjwa mkali, na Mzuri Mweusi akakimbizwa mbio kumwita daktari, kisha akarudi na daktari mgongoni. Alifika akitoka jasho, miguu inatetemeka, mvuke unampanda kama chungu kilicho motoni. Joe akamsugua kwa bidii zote alizokuwa nazo. Lakini hakumfunika blanketi, akidhani mnyama mwenye joto namna ile hataki kufunikwa. Akamletea ndoo ya maji baridi, akampa nyasi na nafaka, akaenda kulala akijiona amefanya vema. Kabla ya alfajiri farasi alikuwa akitetemeka kwa baridi, mapafu yakashikwa, akakaribia kufa. Baba yake Joe akamwombea mwanawe kwa mtunza farasi mkubwa, akasema kijana hakujua. Mzee yule akakasirika mno, kwa kuwa kwake yeye kutokujua hakukuwa udhuru. Mnyama aliyeuawa na mjinga amekufa sawasawa na aliyeuawa na mwovu.

Tulipomsomea binti yetu sehemu hiyo, tukiigeuza kwa Kiswahili kadiri ya uwezo wetu, alinyamaza kimya. Kisha akauliza, "Baba, Joe alifukuzwa?" Tukamwambia, la. Joe alibaki, akajifunza, na mwishoni mwa kitabu, miaka mingi imepita, Mzuri Mweusi ni mzee, amechakaa kwa kazi, auzwa mahali pageni. Mtunza farasi wa pale amsugua, aona nyota nyeupe kipajini, aona mguu mmoja mweupe, asimama. Ni Joe Green. Ndiye peke yake aliyemtambua, kwa sababu aliwahi kumjua kwa mikono yake.

Kitabu kilipigana hasa na ukanda mmoja. Matajiri wa siku zile walipenda farasi wa magari yao wasimame vichwa juu, wapendeze. Basi wakafunga ukanda mfupi kutoka lijamu hata mgongoni, uliomzuia mnyama asiinamishe kichwa. Sasa farasi avutaye mzigo kupanda mlima ni lazima ainamishe kichwa, atie uzito wake wote mbele. Akizuiwa, shingo huuma, pumzi hukatika, na kazi huwa nzito mara mbili. Anna aliyaeleza hayo kama mtu aliyevaa ukanda huo mwenyewe, na watu wengi walioisoma habari hiyo wakaufungua. Huko Marekani kitabu kiligawiwa kwa wingi tangu mwaka wa 1890 na chama cha watetezi wa wanyama.

Mwenyewe hakuyaona hayo yote. Alifariki tarehe 25 Aprili 1878, miezi mitano baada ya kitabu kutoka. Siku ya mazishi, yasemwa, mama yake alichungulia dirishani, akaona farasi waliokuja kuchukua jeneza wamefungwa ukanda ule ule. Akatoka, akaagiza ufunguliwe kwa kila mmoja wao, ndipo wakaondoka.

Turudi nyumbani kwetu. Asubuhi iliyofuata usomaji ule, binti yetu alikuja kutuita tungali tunakunywa chai. "Baba, njoo utazame mgongo wa punda." Tulimwambia tumeuona mgongo wake kila siku. Akasema, "Chini ya shogi hujapaona." Twaandika haya kwa aibu. Tukaenda, tukainua shogi, ile tuliyomwekea wenyewe, na kamba tuliyoikaza wenyewe kwa majuma mangapi hatujui. Na pale penye fundo la kamba palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, chenye usaha, na nzi juu yake. Punda hakuwahi kulia wala kukataa mzigo. Ndivyo alivyo; huficha maumivu yake kuliko farasi, na mtu asiyemtazama kwa karibu husema ni mzima.

Mama yake alikuja nyuma yetu, akatazama, asiseme neno. Alirudi ndani akaleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi, pamoja na kanga yake kuukuu, akaipasua vipande viwili.

Leo ni siku ya kumi na saba. Bwana mifugo amekuja mara moja, akatupa dawa, akasema asipakiwe kitu mpaka ngozi ifunge. Maji twayachota wenyewe, sisi na mama na wavulana wakubwa, na kisima ki mbali. Binti yetu ameshona shogi mpya ya ukindu, yenye pengo katikati ili uzito usikae juu ya uti wa mgongo. Mshono wake umepinda, nasi twaungoja kuujaribu. Ukutani, karibu na picha za farasi, pamechorwa punda mmoja mwenye sikio lililochanika.