Maana na Matumizi ya Neno "Foci": Tatizo la Kitovu Kisicho cha Katikati

Neno la Kiingereza "foci" ni wingi wa "focus", na ni wingi huo unaolitia neno katika mgogoro linapoletwa katika Kiswahili. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hukutana na visawe kadhaa: kitovu, kiini, lengo, fokasi. Kinachovutia wengi ni "kitovu", kwa kuwa ni neno la Kibantu na linaeleweka bila maelezo. Hata hivyo, kitovu cha mtu ni kimoja, nacho kiko katikati. Sifa zote mbili zinagongana na dhana inayotafsiriwa.

Katika Kilatini, "focus" ni meko, mahali pa moto ndani ya nyumba. Baadaye maana ilihama kutoka mahali hadi moto wenyewe, na ndiyo asili ya "feu" la Kifaransa na "fogo" la Kireno. Johannes Kepler aliliingiza neno hilo katika jiometria mwaka 1604, katika kitabu chake cha elimu ya mwanga. Mnasaba wa meko na mwanga huonekana pale lenzi mbinuko inapokusanya miale ya jua mahali pamoja hata karatasi ikashika moto. Wajerumani hadi leo huiita sehemu hiyo nukta ya kuungua. Kiingereza kimehifadhi wingi wa Kilatini, unaotamkwa "fosai" au "fokai", hasa katika sayansi. Nje ya sayansi "focuses" hutumika bila lawama.

Duaradufu ndiyo inayodhihirisha uzito wa suala hili. Umbo hilo lina nukta mbili za aina hii: ukichukua nukta yoyote juu ya mzingo wake na kujumlisha umbali wake hadi kila moja ya hizo mbili, jumla haibadiliki. Katikati ya duaradufu ni nukta ya tatu, iliyo baina yao. Kanuni ya kwanza ya Kepler, iliyochapishwa mwaka 1609, yasema kwamba sayari huzunguka katika duaradufu ambayo Jua limo katika mojawapo ya nukta hizo mbili. Ikiandikwa kwamba Jua limo "katika kitovu", na msomaji huyohuyo amefundishwa kuwa kitovu cha duara ni katikati yake, kanuni inapinduliwa. Jua lingekuwa katikati, Dunia ingelikaribia mara mbili kwa mwaka. Hulikaribia mara moja tu, mwanzoni mwa Januari, kwa umbali wa takribani kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, takribani kilomita milioni 152.

Dishi la setilaiti linatoa ushahidi wa karibu zaidi. Kipokezi chake hakikai juu ya bakuli bali kwenye mkono uliochomoza mbele, kwa kuwa huko ndiko mawimbi yanayoakisiwa hukutania. Fundi anayekirekebisha anaitafuta fokasi, hata kama hajui jina lake.

Katika elimu ya matetemeko ya ardhi mkanganyiko ni wa namna nyingine. "Focus" ni mahali chini ya ardhi ambapo mpasuko huanzia. Sehemu ya juu ya ardhi iliyo wima juu yake ina jina tofauti, na ndiyo inayoitwa kitovu katika taarifa za habari. Tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kina cha takribani kilomita 40. Tasnifu inayotumia "kitovu" kwa dhana zote mbili inaufuta umbali huo, ilhali kina ni mojawapo ya mambo yanayoamua ukali wa mtikisiko unaowafikia watu. Hapa "kiini cha tetemeko" kwa chini na "kitovu" kwa juu vingetosha.

Wataalamu wa magonjwa nao huzungumzia "foci" za malale, yaani maeneo ambamo maambukizi hudumu kizazi baada ya kizazi. Tafsiri ya "vituo vya malale" itasomwa kuwa zahanati. "Maeneo sugu ya maambukizi" ni refu, lakini halimpotoshi mtu. Ofisini, "focal point" ni mratibu tu, wala halihitaji istilahi mpya.

Isimu ina mahitaji yake. Katika "Ni Juma aliyevunja kikombe", taarifa mpya ni Juma, na "ni" ndiyo inayoibainisha. Kuiita sehemu hiyo "mkazo" kunaigonganisha na mkazo wa silabi, na kuiita "lengo" kunaigonganisha na malengo ya utafiti yaliyokwisha kutajwa katika sura ya kwanza. Tena sentensi kama "Nani alinunua nini?" ina sehemu mbili za aina hiyo, hivyo wingi unarejea.

Kwa nyanja zinazodai usahihi wa nukta, yaani fizikia, hisabati na isimu, "fokasi" inafaa kuliko visawe vingine. Hakuna haja ya kukopa na wingi wake wa Kilatini. Neno likiingizwa katika ngeli ya I-/ZI-, upatanisho hubeba idadi: fokasi ya lenzi hii, fokasi mbili za duaradufu. "Data" lilipita njia hiyohiyo. Katika Kilatini ni wingi wa "datum", lakini Kiswahili kilichukua umbo moja na kuviachia viambishi kazi iliyobaki.