Je, Wajua? Dola 50,000 kwa Aliyehamia Dothan

Je, wajua kwamba mwaka 2008 Wayahudi wa Dothan, mji wa Alabama, Marekani, unaozungukwa na mashamba ya karanga, walitangaza kuzipa familia za Kiyahudi hadi dola 50,000 zihamie kwao? Fedha zilitoka kwa mfanyabiashara wa hapohapo, Larry Blumberg. Sharti: kukaa angalau miaka 5 na kushiriki kwa dhati katika sinagogi lao, Temple Emanu-El. Sababu: vijana walikuwa wakienda kusoma mbali wasirudi, na waumini wakazidi kupungua. Na upungufu huo unauma, kwani kwa desturi Kadishi, sala wanayosomewa marehemu, huhitaji watu wazima 10. Katika sinagogi la Uyahudi wa mageuzi kama hili, wanawake nao huhesabiwa. Familia kadhaa ziliitika, zikaja na watoto.