Chuo Kikuu: Ujuzi Mmoja au Ujuzi Mwingi?

Huku Mununga, ukingoni mwa Ziwa Mweru, mvuvi anajua pa kutega wavu, seremala anajua mbao za mtumbwi, na akina mama wanajua kuanika chisense. Mmoja akikosekana, kazi ya wote inalala. Tunaandika habari za chuo kikuu kwa kuwa ni mali yetu: Chuo Kikuu cha Zambia kilipofunguliwa Lusaka mwaka 1966, wananchi walikuwa wamekichangia fedha, mahindi, hata kuku.

Je, chuo kishike fani chache au nyingi? Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walijaribu fani chache. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa kimoja, ikagawa masomo: udaktari Kinshasa, elimu ya ualimu Kisangani, lugha na historia Lubumbashi. Walimu wa fani moja wakakaa pamoja, na hiyo ni faida, maana vitabu na maabara ni ghali. Lakini Lubumbashi ni mji wa migodi! Mchimbaji anayekohoa vumbi anamhitaji daktari, mhandisi wa hewa ya mgodini na mwanasheria wa fidia, wote pamoja. Wakati huo chuo cha udaktari kilikuwa mbali zaidi ya kilomita 1,500. Mwaka 1981 vyuo vikawa vitatu tena.

Afrika Mashariki nayo iligawa hivyo: Makerere udaktari, Nairobi uhandisi, Dar es Salaam sheria. Chuo hicho kimoja kilidumu tangu 1963 hadi 1970 tu.

Hata hivyo, tusidharau ubingwa. Kampala, mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliandika juu ya uvimbe wa taya unaoua watoto. Kisu peke yake hakikumpa jibu. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na madaktari wawili hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona ugonjwa unafuata joto na mvua, nyanda za juu zenye baridi haupo. Mwaka 1964 wataalamu wa London wakaona kirusi ndani ya uvimbe huo. Mpasuaji, ramani, hali ya hewa, darubini: hapo ndipo ubingwa ulipozaa.

Basi wataalamu wakija Mununga kuhesabu samaki, tuwapokee, tena tuwaulize: mjuzi wa bei ya samaki yuko wapi, na wa afya ya wavuvi je?