BOTI AU NDEGE? KWANZA ULIZA JINA LAKO LIMEANDIKWA WAPI

Sisi wa Kabuga tunakaa kando ya barabara kuu itokayo Kigali kwenda Rwamagana, Kayonza na Rusumo. Mchana na usiku malori yanapita mbele ya milango yetu yakitoka bandari ya Dar es Salaam. Yanaleta mafuta, ngano, sukari na vipuri vya mashine. Wengi wetu tunaofanya kazi katika viwanda vya Masoro tumezoea kufungua makontena hayo na kuyapakua kwa mabega yetu. Lakini bahari yenyewe iliyoyaleta, wengi hatujapata kuiona.

Mzee mmoja wa ghalani ndiye aliyeanzisha neno hili. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Siku moja wakati wa chakula cha mchana alisema, "Miaka ishirini napakua mizigo ya baharini. Sitaki kurudi kulima kabla sijauona mlango inapoingilia." Watu walicheka, lakini maneno yake yakatuingia. Tukaunda kikundi cha akiba, kila Jumamosi mtu anaweka alichojaliwa, na mimi nikapewa kazi ya kutunza daftari. Baada ya miaka miwili tulikuwa watu kumi na mmoja, na fedha ya kwenda kwa basi mpaka Dar es Salaam, kisha kuvuka mpaka Unguja.

Habari ya basi haikuleta ubishi. Ndege ya kutoka Kigali ilikuwa juu ya uwezo wetu, ikaisha hapo. Ubishi ulizuka juu ya kipande cha mwisho. Kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja tupande boti au tupande ndege?

UBISHI WETU

Waliotaka ndege walisema, "Ni dakika ishirini tu, na meli zinazama." Waliotaka boti wakajibu, "Na ndege je, haianguki?" Kila upande ulikuwa na ushahidi wake, na ushahidi wote ulikuwa wa kweli.

Mimi nilikulia Karagwe, kwa sababu wazazi wangu walikuwa wakimbizi huko. Darasa la saba ndiyo elimu yangu yote. Nilikuwa kijana mdogo tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria ikikaribia Mwanza. Mkoa mzima wa Kagera ulilia. Meli hiyo iliruhusiwa kuchukua abiria 430, nayo ilijaza kupita kiasi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 500, na wako wanaosema walikaribia 1,000. Mpaka leo hesabu haipatani. Kwa nini haipatani? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, lakini daraja la tatu halikuwa na orodha ya majina. Na daraja la tatu, ndugu zangu, ndilo letu sisi.

Halafu tarehe 10 Septemba 2011, usiku, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 600, nayo ilibeba zaidi ya 2,000. Meli hiyo ilijengwa Ugiriki mwaka 1967, ikafanya kazi huko miaka mingi kabla ya kuuzwa na kuletwa katika bahari yetu. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Huo ni wakati wa kusi, na bahari ilikuwa imechafuka.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Mkata tiketi alikufa, na mashine yake ya tiketi ikapotea, hata ikawa vigumu kujua ni watu wangapi waliopanda.

Na ndege nayo? Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokuwa ikitua Bukoba. Watu 19 walikufa, pamoja na marubani wote wawili. Waliookoka walikuwa 24, na wavuvi ndio waliowahi kufika na mitumbwi yao kusaidia.

Nilipomaliza kusoma habari hizo, mkutano ulinyamaza. Mzee wa ghalani akauliza, "Katibu, ile ndege ya Bukoba, walijuaje kuwa ni 43?" Nikamjibu kwamba majina yote yalikuwa yameandikwa kabla haijaruka. Akasema, "Basi ndilo neno. Mimi siogopi maji wala siogopi hewa. Naogopa kufa bila kuhesabiwa."

Ninaomba kila msomaji ayashike maneno hayo. Angalia ajali zile za meli. Mara nyingi maji peke yake hayakuwa adui. Palikuwa na chombo kilichojazwa kupita kiasi, na watu ambao hawakuandikwa. Asiyeandikwa hahesabiwi, na pasipo hesabu hakuna awezaye kusema, "Basi, chombo kimejaa."

Wala hili si tatizo la Afrika peke yake. Ugiriki, nchi ya visiwa vingi na mabaharia wa siku nyingi, meli Express Samina iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Paros tarehe 26 Septemba 2000. Watu zaidi ya 80 walikufa. Milango ya kuzuia maji yasienee ndani ya meli ilikuwa imeachwa wazi. Kwa hiyo hata tajiri akiacha kanuni, bahari haimwonei haya.

HESABU YA SAA NA FEDHA

Tukaja kwenye hesabu. Ni kweli ndege huruka kama dakika ishirini, na boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Lakini mtu hasafiri kutoka kiwanja mpaka kiwanja. Husafiri kutoka mlangoni mpaka mlangoni. Bandari ya boti iko katikati ya jiji la Dar es Salaam, na ukishuka Unguja unashukia Malindi, ukingoni mwa Mji Mkongwe, unaweza kutembea kwa miguu. Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam kiko mbali na katikati ya jiji, na magari njiani ni mengi. Unatakiwa kufika mapema, upekuliwe, usubiri. Ukitua Unguja unahitaji gari tena kuingia mjini. Zile dakika ishirini zinakuwa saa tatu au zaidi.

Kwa fedha, boti ni nafuu kuliko ndege. Lakini mgeni hutozwa zaidi ya mwenyeji, basi uliza bei yako, usitegemee bei ya mtu mwingine. Tena ndege ndogo hubana mizigo, mara nyingi kilo 15 tu, na sisi Wanyarwanda tunajuana kwa mizigo.

Tukapiga kura. Wanane walitaka boti, watatu ndege. Wawili kati ya hao watatu wakakubali kufuata wengi. Wa tatu hakuweza. Huyu alikuwa dada mmoja, mchuma chai katika shamba moja la kaskazini, ndugu wa mwenzetu wa kiwandani. Kaka yake alikufa maji katika Ziwa Kivu. Alisema, "Msinilazimishe. Nitabaki Dar es Salaam niwasubiri."

Hapo palikuwa na mtihani. Mmoja alisema kura ni kura. Lakini kura ni ya kuamua fedha ya wote, si ya kumvunja mtu moyo. Tukaamua hivi: sanduku litamlipia sawa na nauli ya boti, na wanaoweza watachanga iliyopungua. Watu tisa walichanga. Wa kumi hakuwa na kitu, naye akaahidi kumbebea mzigo wake kwenye boti.

TULIPOFIKA DAR ES SALAAM

Tulivuka daraja la Rusumo juu ya maporomoko ya Akagera, tukapita Kahama, Singida, Dodoma na Morogoro. Tulifika miguu imevimba.

Asubuhi ya kuvuka, njiani kwenda bandarini, kijana mmoja alitukimbilia na tiketi mkononi. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko tuliyopanga, na ile tofauti ingetosha chakula cha siku nzima. Nakiri mbele yenu kwamba mimi mwenyewe, mtunza daftari, nilianza kutoa fedha. Mzee wa ghalani akaishika tiketi moja akaisoma polepole. Juu yake palikuwa na jina la mtu mwingine.

Akasema, "Mwanangu, huyu si mimi." Kijana akajibu kwamba hakuna anayeangalia. Mzee akasema, "Ndiyo maana sitaki. Hii ikizama, huko Kabuga atalia nani? Watamtangaza huyu, na mke wangu atanisubiri mpaka azeeke."

Nikarudisha fedha mfukoni kwa aibu. Tukaenda kwenye dirisha la ofisi, tukaonyesha hati zetu za kusafiria, kila mtu akapewa tiketi yenye jina lake. Bahari ilikuwa na mawimbi, wawili wetu walitapika, lakini tulivuka salama. Mzee alisimama nje muda wote akitazama meli za makontena zilizokuwa zimetia nanga zikingoja zamu. Hakusema neno.

Na dada yetu wa ndege? Aliondoka nyumba ya wageni saa ile ile tuliyoondoka sisi. Tulikuwa tumeshakunywa chai Malindi alipofika, ametulia na anacheka. Hakuna aliyemsimanga.

SOMO LA KIWANDANI NA SHAMBANI

Jioni ile, tukiwa tumekaa ukutani pale Forodhani, dada yule alisema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alisema, "Mzee alikataa tiketi isiyo na jina lake. Mimi kule shambani jina langu huandikwa kwa penseli. Mwisho wa mwezi linafutwa."

Ndugu wafanyakazi, huyo ndiye abiria wa daraja la tatu. Kibarua asiye na mkataba, asiyeandikishwa katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii, amepanda chombo ambacho hakimjui. Mashine ikimkata mkono, mwajiri atasema hakuwa wangu. Mchango wa ajali za kazini hulipwa na mwajiri, lakini huwezi kulipiwa ikiwa hujaandikwa. Tunaangalia sana ukubwa wa mshahara, kama tulivyoangalia bei ya tiketi ya yule kijana, na hatuulizi jina letu liko wapi.

Tena tuwakumbuke mabaharia, marubani na wakata tiketi. Hao ni wafanyakazi kama sisi. Nahodha anayeona chombo kimejaa naye pia ana mwajiri juu yake. Akiogopa kufukuzwa, atang'oa nanga. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unasema mfanyakazi anayejiondoa katika kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba ina hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake, asiadhibiwe. Palipo na chama chenye nguvu, mtu anaweza kusema "hatuondoki" na kesho akarudi kazini. Haki hiyo ya mfanyakazi ndiyo usalama wa abiria.

KWA WATAKAOSAFIRI

1. Nunua tiketi kwenye ofisi, isomeke jina lako lilivyo katika hati yako. Tiketi ya jina la mwingine si yako, hata ikiwa rahisi.

2. Ukivuka Rusumo, sogeza saa yako mbele kwa saa moja. Saa ya Tanzania iko mbele ya yetu. Wengi wameachwa kwa kosa hilo.

3. Usipange boti au ndege siku ile ile basi linapofika. Basi likichelewa, nauli imepotea.

4. Tazama hali ya bahari. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, upepo ni mkali. Safiri mchana, na ukiambiwa safari imeahirishwa, shukuru.

5. Ukiingia katika boti, kwanza tazama jaketi za kujiokolea ziko wapi na mlango uko wapi. Ukiona watu wamejaa hata njiani hapapitiki, shuka. Nauli hutafutwa tena.

6. Mgonjwa, mjamzito aliyeshauriwa na daktari, au mwenye hofu kubwa ya maji, apande ndege. Wenzake wamsaidie.

Mzee wetu amekwisha kustaafu, analima Rwamagana. Dada yetu amerudi shambani, na wenzake sasa wanadai majina yaandikwe kwa wino. Hawajapata jibu bado, lakini hawajanyamaza.

Basi, ndugu yangu, kabla hujauliza boti au ndege, na kabla hujauliza kiwanda kipi kinalipa zaidi, uliza: jina langu limeandikwa wapi?

Umoja ni nguvu.