UNUNUZI WA PIKIPIKI YA KWANZA: MAFUNZO NA KOFIA NGUMU VITANGULIE

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaokusudia kununua pikipiki kwa mara ya kwanza wanashauriwa kutenga fedha za mafunzo na za kofia ngumu kabla ya kulipia chombo chenyewe. Maelezo yafuatayo yanatolewa kwa kuangalia hali ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Watumishi wa Muungano wanaotoka Unguja na Pemba huweza kupangiwa kazi huko kama popote pengine Bara, na wengi wao hulazimika kutafuta usafiri wao wenyewe mara tu wanaporipoti kituoni.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa maeneo ya mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya pamba na mifugo. Vijiji vimetawanyika, na mwalimu, mganga wa zahanati au bwana shamba asiye na pikipiki hupoteza saa nyingi njiani. Mkulima naye hupata fedha nyingi kwa mara moja. Msimu wa ununuzi wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei, na malipo ya mavuno ya mwaka mzima ndiyo humwezesha kununua pikipiki. Hatari kubwa huanzia hapo. Mtu aliyeendesha baiskeli tangu utotoni huona kwamba pikipiki ni baiskeli yenye injini. Huilipia asubuhi, huonyeshwa gia kwa dakika chache mbele ya duka, na jioni huipanda kurudi kijijini.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, safari hiyo ni kosa kwa kuwa mwendeshaji hana leseni. Leseni za Bara hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania baada ya mwombaji kupata mafunzo na kutahiniwa na Polisi wa Usalama Barabarani. Inafaa ieleweke kwamba leseni ya Daraja D, ambayo watumishi wengi wanayo kwa ajili ya magari madogo, haimruhusu mtu kuendesha pikipiki. Pikipiki yenye injini inayozidi sentimita za ujazo 125 huhitaji Daraja A, na iliyo chini ya kiwango hicho huhitaji Daraja A1. Mnunuzi aulize ukubwa wa injini kabla ya kwenda kutahiniwa, kwani pikipiki zinazofanana kwa sura huuzwa kwa ukubwa wa 100, 125 na 150.

Mafunzo hupatikana katika skuli za udereva zilizosajiliwa na katika vyuo vya VETA. Mwanafunzi aangalie kama mwalimu anamfundisha kufunga breki au anamfundisha kuondoka tu. Kuondoka hujifunzwa kwa siku moja. Kusimama kwa dharura huhitaji kurudiwa mara nyingi katika uwanja mtupu, na ndiko kunakookoa maisha. Breki ya mbele hukamatwa kwa mkono wa kulia, na ya nyuma hukanyagwa kwa mguu wa kulia. Wanaoanza huiogopa breki ya mbele kwa kusikia kwamba humrusha mtu, kwa hiyo hutegemea ya nyuma peke yake. Hilo ni kosa. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huelemea gurudumu la mbele, na gurudumu hilo ndilo lenye nguvu zaidi ya kuisimamisha. Breki ya mbele ikaminywe polepole kisha kwa nguvu zaidi, pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imenyooka. Anayeikamata kwa ghafla, au akiwa katikati ya kona, huanguka. Hofu hiyo ina msingi wake.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makaazi, pikipiki hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mwendeshaji anayechukua sekunde moja kutambua kwamba ng'ombe ameingia barabarani amekwisha kwenda mita 14 kabla hajaigusa breki.

Anayetoka Visiwani na aliyezoea Vespa za zamani, ambazo gia zake hubadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto, ajihesabu kuwa ni mwanafunzi mpya. Pikipiki zinazouzwa Bariadi hubadilishwa gia kwa mguu wa kushoto, na mkono wa kushoto hushika klachi tu. Katika dharura, mguu na mkono hufanya vile vilivyozoea.

Udongo wa Simiyu nao unataka mafunzo yake. Wasukuma huuita luseni udongo mwepesi wa kichanga wa miinukoni, na mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni. Katika mchanga gurudumu la mbele huzama na usukani hutaka kujipinda; anayefunga breki ya mbele hapo huanguka, na dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kuuingia. Katika mbuga, wakati wa mvua, tope hujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu lisiweze kuzunguka. Barabara za lami, kama ile ya kutoka Lamadi hadi Bariadi, zimeondoa taabu hiyo lakini zimeleta mwendo mkubwa wa mabasi na malori. Mwanafunzi aanzie mahali pengine.

Kuhusu kofia ngumu, ambayo mitaa mingi ya Bara huiita elementi, Sheria inamtaka mwendeshaji aivae. Historia yake yafaa kujulikana. Mwaka 1935 mwandishi na askari wa Uingereza, T. E. Lawrence, alifariki siku chache baada ya kuanguka na pikipiki akiwa kichwa wazi. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari huyo alianza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 alichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba watu 2,279 walikufa kwa ajali za pikipiki nchini Uingereza katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita Kuu ya Pili, na kwamba majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoua wengi. Jeshi la nchi hiyo likaamuru wapanda pikipiki wake wavae kofia. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kazi ya kuokoa hufanywa zaidi na povu gumu lililo ndani kuliko gamba la nje. Kichwa kinapogonga, povu hilo hubonyea na kuchukua nguvu ya pigo. Likishabonyea halirudi, na kwa sababu hiyo kofia iliyopata ajali hutupwa hata kama gamba lake halina ufa. Kofia ya mafundi wa ujenzi haina povu hilo na haifai. Anayenunua atazame ndani kwa vidole vyake, kisha atafute alama ya herufi E katika duara, inayoonyesha kipimo cha Umoja wa Mataifa. Alama hughushiwa, kwa hiyo uzito na unene wa povu vitazamwe pia. Kofia ibane mashavu bila kuumiza. Mkanda ukishafungwa, mtu ajaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa mno. Kofia isiyofungwa mkanda huruka kabla kichwa hakijafika chini, na waendeshaji wengi huivaa hivyo kwa sababu ya joto au kwa ajili ya kupita mbele ya askari tu.

Abiria naye anahitaji kofia yake. Anayebeba mke, mtoto au mfanyakazi mwenziwe anunue mbili kwa vipimo viwili, na asipakie zaidi ya mtu mmoja. Desturi ya "mishikaki" haikubaliki.

Mavazi mengine si ya gharama kubwa: viatu vya ngozi vinavyofunika kifundo, suruali nzito, koti la mikono mirefu, glovu na kizibao chenye kung'aa usiku. Kandambili ziachwe nyumbani. Miwani au kioo cha kofia huzuia vumbi na wadudu. Safari za usiku zisifanywe na mwanafunzi, maana mifugo huvuka barabara bila taa, na mikokoteni pia.

Majeruhi wa kichwa kutoka Simiyu huweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, na saa za njiani huhesabiwa katika uhai wake.

Siku ya kuchukua pikipiki, mnunuzi ambaye hajapata leseni aende na mtu mwenye leseni ya daraja husika ili huyo ndiye aiendeshe, au aisafirishe kwa gari. Kabla ya kuondoka dukani akague breki zote mbili, taa, honi, vioo vya pembeni na upepo wa magurudumu, na apokee kadi ya usajili. Bima ya kumkinga mtu wa tatu ni ya lazima, na ikatwe kabla ya gurudumu kugusa barabara. Kwa pikipiki iliyotumika, umiliki uhamishwe katika afisi ya Mamlaka ya Mapato mapema, kwa jina la mnunuzi mwenyewe.