Akiumia Kichwa Kazini: Haki za Mtumishi wa Serikali na Familia Yake



Mama mmoja wa upande wa Karatina alitujia akiwa na bahasha kubwa ya karatasi. Bwana yake ni mtumishi wa serikali. Alianguka kutoka kwenye lori la kazi, akagonga kichwa, akashonwa, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Baada ya majuma machache alianza kusahau majina ya watoto, kukasirika bila sababu na kulala mchana kutwa. Majirani wakasema ni pombe. Kazini wakamwandikia barua ajieleze kwa nini haonekani. Mama akatuuliza, "Sasa mimi nianzie wapi?"

Tulipofungua ile bahasha tuliona miezi tisa imeshapita tangu aumie. Tukashtuka, kwa sababu sheria inatoa miezi kumi na miwili tu. Ndiyo maana tunaandika habari hii, ili mwingine asichelewe.

JERAHA LISILOONEKANA

Mguu ukivunjika kila mtu anaona plasta. Ubongo ukiumia, mtu anatembea, anasalimia, hata anacheka, na watu wanasema amepona. Lakini ndani mambo si sawa. Ubongo unaweza kutikisika bila fuvu kupasuka. Pengine damu huvuja polepole chini ya fuvu, na dalili zikatokea baada ya majuma kadhaa. Dalili ni kama kuumwa kichwa kusikoisha, kusahau, kizunguzungu, kifafa, hasira na kuchoka upesi.

Ukiona hayo, usingoje. Mrudishe hospitali, mweleze daktari kwamba aliumia kazini, na uulize kama anahitaji picha ya siti skani. Hakikisha yote yameandikwa kwenye faili. Kama faili inasema tu "jeraha dogo la kichwa", wakati wa fidia itakuwa shida kueleza kwa nini mtu huyo hawezi tena kazi yake.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria inayohusika ni ile ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Inamhusu mfanyakazi wa serikali sawasawa na wa kampuni: mwalimu, askari wa msitu, karani, dereva, muuguzi. Wanajeshi peke yao ndio hawamo. Kwa hivyo wenzetu wa kambi za Nanyuki wafuate utaratibu wa jeshi.

Wakati mmoja watu walikuwa wakienda kortini moja kwa moja, kwa sababu mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hii. Mabishano yaliisha Desemba 2019, Mahakama ya Juu ilipokubali kwamba madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kwa hivyo mtu akikuambia umlipe wakili kwanza ndipo madai yaanze, jihadhari.

Ajali ikitokea ndani ya gari la kazi lililotolewa kubeba wafanyakazi bure, kwenda kazini au kurudi, inahesabiwa ni ajali ya kazi. Na hata kama aliumia akivunja agizo la mkubwa, msikate tamaa. Akiwa alikuwa akifanya shughuli ya mwajiri, bado anaweza kulipwa.

PESA ZINAHESABIWAJE?

Kwanza, gharama za matibabu zinazofaa ni za mwajiri, pamoja na usafiri wa kwenda kutibiwa. Pili, wakati hawezi kufanya kazi kwa muda, kuna malipo ya kila kipindi, yasiyozidi miezi kumi na miwili. Tatu, akibaki na ulemavu wa kudumu, hesabu inaanzia kwenye mapato ya miezi 96.

Chukua mfano wa anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi. Mara 96 ni shilingi 2,880,000. Daktari akipima ulemavu wa asilimia 40, fidia ni shilingi 1,152,000. Aliyepooza mwili wote, au asiyeweza kutoka kitandani kabisa, huhesabiwa asilimia 100. Mnaona basi kwa nini ile faili ya hospitali ni muhimu: asilimia hutoka kwa daktari, na daktari hupima kile anachokijua.

HATUA ZA KUFUATA

1. Mwambie mwajiri mara moja. Hata kwa mdomo inakubaliwa, lakini andika barua na ubaki na nakala yenye muhuri.

2. Mwajiri anatakiwa kupeleka ripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku saba. Mfanyakazi akifa, ni ndani ya saa 24. Fomu yake huitwa DOSH/WIBA 1. Uliza kama imejazwa.

3. Madai yapelekwe kabla ya miezi kumi na miwili kwisha tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Mgonjwa asipoweza, mtu mwingine anaweza kupeleka kwa niaba yake.

4. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi. Jibu lake nalo likikushinda, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa hapa Nyeri pia.

NA FAMILIA JE?

Hapa ndipo sheria yetu ina pengo. Mfanyakazi akifa, wanaomtegemea hulipwa. Lakini akiishi na ubongo ulioumia, bibi aliyeacha kibanda chake sokoni ili amwangalie hana fungu lake mwenyewe. Marekani mwaka 2021 walipitisha sheria maalum ya kuwasaidia baadhi ya watumishi wa serikali waliopata majeraha ya ubongo wakiwa kazini, na hata watu wa familia zao waliopatwa na jeraha hilo hilo. Sisi bado hatujafika hapo, na wabunge wetu waulizwe.

Kwa sasa, mwandikishe mgonjwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kama hawezi kuweka sahihi wala kuelewa mambo ya pesa, familia inaweza kuomba korti iteue mtu wa kusimamia mali yake. Wanandugu wakae chini wakubaliane kabla pesa hazijafika, kwa maana tumeona nyumba zikigawanyika kwa sababu ya hundi moja.

Yule mama wa Karatina alipeleka madai zikiwa zimebaki wiki tano. Mzee alipigwa picha, na ikaonekana kweli aliumia. Fidia bado wanaingoja, lakini ile barua ya kumtaka ajieleze imejibiwa, na majirani wameacha kusema ni pombe.

Kama nyumbani kwako kuna mtu wa namna hiyo, hesabu miezi leo. Hii ni haki yake, si hisani ya mtu.