Habari za Mabadiliko: Ndani ya Programu au Nje?

Fungueni Katiba yetu ya mwaka 1977. Pembezoni mwa ibara nyingi mtaona maandishi madogo: Sheria ya 1984 Na. 15, au Sheria ya 1992 Na. 4. Hayo yatuambia kwamba hapo maneno yalibadilishwa, na sheria iliyoyabadilisha ni ipi. Hadi mwaka 2005 Katiba ilikwisha kubadilishwa mara 14. Maneno ya zamani hayakuchapwa pale. Ayatakaye na aende kwenye sheria yenyewe.

Waandishi wa programu za kompyuta nao wana shauri hilo hilo. Zamani, juu ya kila faili waliandika orodha: tarehe, jina, na jambo lililobadilishwa. Kisha mwaka 2005 Linus Torvalds alitengeneza Git, ambayo huweka kila toleo pamoja na jina la mbadilishaji, saa, na maelezo aliyoyaandika. Ukitaka, yakuonyesha kila mstari uliguswa na nani mara ya mwisho. Basi wengi wakasema orodha ya ndani ni mzigo: hurefuka bure, na mtu akisahau kuiandika, yadanganya.

Mimi nakubali nusu. Tuseme chama cha msingi hapa Newala kina programu ya kuhesabu malipo ya korosho, na makato ya kila kilo hubadilika msimu hata msimu. Karani achukua faili moja kwa flashi kwenda nalo Masasi. Kumbukumbu za Git zimo katika folda iliyofichwa, nazo zabaki nyuma. Mzee mmoja aja na stakabadhi zake, auliza kwa nini amekatwa zaidi ya mwaka jana. Faili liko kimya. Mstari mmoja tu kando ya hesabu, utajao barua iliyoweka makato hayo na tarehe yake, ungemjibu palepale, wala asingerudi kijijini kwa nauli yake bila jibu.

Hata leseni ya GPL, toleo la pili la mwaka 1991, litumiwalo na Linux, yataka faili lililobadilishwa liwe na tangazo la wazi la kubadilishwa kwake, na tarehe.

Kisichofaa kabisa ni kuiacha hesabu ya zamani ndani ya faili, imezuiwa kwa alama za maelezo. Anayefuata hajui kama aifute au aifufue, na Git inayo tayari.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne